Basi Halirudi Nyuma

Timu haishuki daraja kwa siku moja. Hushuka kama ukuta wa udongo kwenye mvua: leo kinadondoka kipande hapa, kesho pale, na wenye nyumba wanaendelea kula na kulala mle ndani, wakisema tutaziba, tutaziba, mpaka asubuhi moja wanaamka wanatazamana na jirani.

Dereva wa basi la timu alilijua hilo mapema kuliko wengi, kwa sababu dereva huisikia timu kwa mgongo. Mwanzoni mwa msimu ule wa Ligi Kuu wachezaji waliimba. Wakifungwa waliimba, wakishinda ndiyo usiseme, vioo vilitetemeka. Baada ya miezi michache wakawa wanabishana tu, nani alimwacha mtu, nani hakurudi kukaba. Kisha ubishi nao ukaisha, kila mtu akainamia simu yake. Kufika mwishoni basi lilikuwa kimya njia nzima. Waliolala walilala, na wasiolala walijifanya wamelala ili wasiulizwe kitu. Dereva alikuwa amewahi kubeba magunia zamani, na aliona magunia yalichangamka zaidi.

Mwenyewe alikuwa amechoka. Haukuwa ule uchovu wa kazi ambao mtu akilala akaamka umekwisha. Ulikuwa uchovu wa kubeba watu waliokata tamaa, kuwapeleka mbali, kuwangoja wafungwe, na kuwarudisha makwao. Kiuno kilimuuma, macho yalimwasha, na mkewe alishaacha kumwuliza matokeo. Alikuwa akimtazama tu anavyovua viatu mlangoni, anajua.

Kilichomtia moyo kilikuwa kitu kimoja. Katika klabu ile kila mtu alikuwa amelaumiwa msimu ule. Makocha wawili walifukuzwa, mshambuliaji alizomewa mpaka akaomba kuondoka, daktari wa timu aliitwa mchawi, hata mfua jezi aliambiwa sabuni yake ina mkosi. Dereva peke yake hakuguswa. Alikuwa na timu tangu ikiwa madaraja ya chini huko, na jina lake lilikuwa safi. Alitaka kustaafu nalo likiwa hivyo, basi. Hakuomba zaidi.

Wote walimwita Mjomba. Hii ilitokana na golikipa, ambaye ndiye alikuwa nahodha, na ambaye alikuwa mpwa wake wa damu: mtoto wa dada yake marehemu, aliyelelewa nyumbani kwa dereva tangu akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Kipa alimwita Mjomba, mabeki wakadakia, viungo wakadakia, na kocha wa tatu wa msimu ule alipofika akadhani ndilo jina lake.

Sasa, timu ile ilikuwa na masharti. Kila timu inayo, na anayebisha hajawahi kufungwa mfululizo. Siku ya mechi hawakupita mlango wa wachezaji. Waliruka ukuta, wanaume wazima wamevaa suti za michezo, mabegi yanarushwa kwanza. Kiatu cha kushoto kilivaliwa kabla ya cha kulia. Lakini sharti mama, lililoyazaa hayo mengine, lilikuwa hili: siku ya mechi, basi la timu halirudi nyuma. Likitoka ni mbele kwa mbele mpaka uwanjani. Nani alilianzisha, hakuna aliyekumbuka. Wengine walisema ni marehemu mwenyekiti, wengine walisema ni dereva fulani mvivu wa zamani. Liwalo lolote, lilishikwa kama amana. Kuna siku dereva alipitiliza geti la uwanja kidogo tu, ikabidi auzunguke mji mzima ili aje alikabili tena kwa uso.

Mlinzi wa masharti hayo alikuwa meneja wa timu, mtu mfupi, mwenye suti ya michezo iliyopigwa pasi, ambaye kwenye safari alikaa kiti cha mbele kushoto kama askari. Wachezaji walimwita Masharti, kwa siri. Alijua, na jina alilipenda.

Kasoro ilikuwa uani. Basi lililala kwenye kiwanja kidogo nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa klabu, hapo hapo alipokaa dereva na familia yake. Zamani liligeuka humo bila taabu. Lakini kabla msimu haujaanza, jirani alijenga ukuta, na ukuta ukala nusu ya kiwanja. Dereva alikwenda kwa katibu wa klabu kueleza kwamba basi haligeuki tena. Katibu alikuwa kwenye simu. Aliifunika kwa kiganja, akasema, "Wewe ndiye dereva bwana, tafuta njia," kisha akaendelea na maongezi yake.

Njia ilikuwa moja. Kila alfajiri ya mechi, kabla ya kwenda kuwachukua wengine hosteli, dereva alilitoa basi uani kinyumenyume. Kioo cha kushoto kilikuwa kimevunjika na hakuna aliyekileta kingine, kwa hiyo mpwa wake, ambaye waliondoka pamoja nyumbani, alisimama nyuma na kumwongoza kwa kulipiga basi makofi. "Lete, lete, lete," alikuwa akiita, kofi, kofi. "Hapo hapo!" Makofi mawili ya haraka, dereva anakanyaga breki. Baada ya hapo walikwenda hosteli uso mbele, kwa heshima zote, na Masharti akapanda huku akiligusa basi kama mtu anayebariki.

Haikuwa siri mwanzoni. Ilikuwa asubuhi tu, watu wana usingizi, wanataka kutoka. Lakini vipigo vilipoanza kupangana, wote wawili waliona kwamba jambo lile limekwishakuwa siri bila wao kulipa ruhusa. Hawakulizungumza. Na tuseme ukweli wa Mungu: basi lilirudi nyuma siku walizofungwa, na lilirudi nyuma siku walizoshinda. Siku waliyowafunga mabingwa watetezi, tena kwao, lilirudi nyuma mara mbili, maana mara ya kwanza liligonga nguzo ya geti.

Ikafika mechi ya mwisho. Hesabu ilikuwa nyepesi: wakipata sare wanabaki Ligi Kuu, wakifungwa wanashuka. Mechi ilikuwa ugenini, kwenye mji wa pili, dhidi ya timu iliyokuwa katikati ya msimamo, isiyotafuta kitu wala kuogopa kitu. Hata redioni walisema sare inawezekana. Dereva alilala vizuri usiku ule, na asubuhi makofi ya mpwa wake mgongoni mwa basi aliyasikia mepesi.

Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Wakiwa wamebakiza kipande cha barabara nyembamba, mfereji upande huu na ukingo wa udongo upande ule, walikuta lori la mawe limekatika ekseli, limekaa katikati kama liko sebuleni kwake. Hapakuwa na pa kupita hata pikipiki. Hapakuwa na pa kugeuza. Ila nyuma yao kidogo, mahali ambapo dereva aliweza kupaona kwenye kioo kizima, palikuwa na njia panda yenye barabara ya kuzunguka.

"Hapa narudi kidogo tu, Meneja," dereva alisema, "tunazunguka kwa kule, tunafika na muda unabaki."

Masharti aligeuka akamtazama kama mtu aliyetukaniwa mama. "Mjomba. Leo?"

"Njia panda ile pale."

"Nakuuliza, leo? Siku zote umeendesha mbele, leo ndiyo unaniambia turudi nyuma? Ukigusa gia hiyo, usukani huu hutaushika tena."

Kutoka nyuma sauti ya beki wa kati, kijana mkubwa kama mlango lakini mwoga wa mambo yasiyoonekana, ikasema, "Mjomba, tafadhali. Usirudi."

"Tunashuka," Masharti akasema. "Kila mtu na begi lake. Tutatembea."

"Kutoka hapa?" Kocha aliuliza. "Watafika wamekufa."

"Miguu wanayo."

"Miguu hiyo hiyo ndiyo ya kuchezea," kocha alisema, lakini taratibu, kwa sababu yeye alikuwa mgeni na masharti yalikuwa wenyeji.

Wakaanza kushuka. Jua lilikuwa kali, vumbi la mawe linaning'inia hewani, na uwanja haukuonekana hata nguzo za taa. Dereva alibaki kwenye kiti akiwatazama wanapita mmoja mmoja. Alijua wasipofika kwa wakati mechi ni ya wenyeji, na wakifika kwa miguu ni kama hawajafika. Alijua pia kwamba akinyamaza, jina lake linabaki safi kama lilivyokuwa: lori limeharibika, nani atamlaumu dereva kwa lori la mtu? Mpwa wake akaja na begi begani, goti lake bovu limefungwa bendeji, anashuka ngazi kwa mguu mmoja.

Dereva akamshika mkono. "Mwambie," alisema kwa sauti ya chini.

"Nimwambie nini, Mjomba?"

"Ile habari ya kila alfajiri. Uani."

Mpwa alimtazama, akamtazama Masharti aliyekuwa barabarani anahesabu mabegi, kisha akainama kufunga kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa. Alizifungua, akazifunga upya, akashuka.

Dereva alikaa kidogo. Halafu akashuka na yeye, jambo ambalo hakuwa akilifanya, na wote wakageuka.

"Basi hili linarudi nyuma," alisema. "Kila siku ya mechi. Tangu jirani ajenge ule ukuta haligeuki uani, nalitoa kinyumenyume ndipo nakuja kuwachukua. Hata leo nimelitoa hivyo. Kwa hiyo pandeni twendeni, hakuna kilichobaki cha kuharibika."

Alidhani wangecheka. Katika uchovu wake wote, alidhani kweli wangeona upuuzi wa jambo lenyewe na kucheka, waruke ndani, wafike, wapate sare yao. Badala yake aliwaona wanahesabu. Kila mmoja alikuwa na kosa lake la msimu, penalti aliyopaisha, mtu aliyemwacha, mpira uliompita chini ya mguu, na kila mmoja alikuwa anapata pa kulitua.

"Kumbe," Masharti alisema. "Kumbe ni wewe."

"Na siku tulizoshinda je? Siku ya mabingwa?"

"Kumbe tulikuwa na mtu ndani."

"Siku ya mabingwa lilirudi mara mbili, muulizeni..." Dereva hakumalizia. Alimtazama mpwa wake, mpwa wake akalitazama lori.

Kocha ndiye aliyekata shauri. "Maji yameshamwagika. Heri nusu shari. Pandeni. Dereva, rudisha."

Wakapanda kama watu wanaoingia kwenye maji ya baridi. Dereva akatia gia ya nyuma, akangoja kofi mgongoni mwa basi. Halikuja. Akatazama kioo cha juu: mpwa wake hakukaa kiti chake cha nyuma ya dereva, alikuwa amekwenda kukaa siti ya mwisho kabisa, kofia imeshushwa machoni. Dereva akatoa kichwa dirishani, akalirudisha peke yake mpaka njia panda, tairi la kushoto likichungulia mfereji. Hakuna aliyempa hongera.

Walifika muda ukiwa wa kutosha. Waliruka ukuta wao. Dereva alisimama kwenye uzio nyuma ya goli la mpwa wake, na kipindi cha kwanza kilipoisha bila bao alianza kujiambia kwamba labda ndani ya moyo watu wana akili kuliko midomo yao.

Wakati wa mapumziko Masharti aliwakusanya. Dereva alikuwa karibu, alisikia. "Hakuna tena cha kurudi nyuma leo," aliwaambia, kidole juu. "Yaliyorudishwa yanatosha. Mbele tu." Kocha alikuwa anakunywa maji.

Ikabaki dakika chache, bado sare, bado wako Ligi Kuu. Mpira ukamdondokea yule beki wa kati, karibu na boksi lake mwenyewe, mtu mmoja anamjia mbio. Kipa alikuwa nyuma yake, huru, mikono imefunguliwa. "Nirudishie!" aliita. "Nyuma! Nirudishie!" Hata mtoto wa mtaani angeurudisha. Beki alisikia, maana aligeuza shingo. Lakini alikuwa ameambiwa mbele tu, na siku ile yeye alikuwa mtu wa mwisho duniani wa kurudisha chochote nyuma. Akajaribu kumpiga chenga yule mtu. Aliporwa mpira mguuni, na wavu ukatikisika mbele ya macho ya dereva, karibu kiasi kwamba vumbi la chokaa lilimfikia.

Mpwa wake aliuokota mpira. Alipogeuka, macho yao yakakutana katikati ya wavu, na dereva alijua kwamba na yeye amejua bao lile limetoka wapi.

Njia ya kurudi hakuna aliyejifanya amelala. Walizungumza, baada ya miezi yote ile, tena kwa sauti, wakikumbushana mechi hii na ile, ndiyo maana, kumbe ndiyo maana. Beki wa kati alilia kidogo, akabembelezwa, akaambiwa si kosa lake. Walikuwa wamepoa, kama watu waliotapika kilichowasumbua. Mtu mmoja alibanwa na mkojo, alitaka kuchimba dawa, akaita, "Dereva, simamisha." Si Mjomba tena. Dereva akasimamisha.

Kesho yake alipeleka funguo ofisini kabla hajaitwa. Katibu alisema klabu inamshukuru, kwamba apumzike, kwamba hata yeye mwenyewe anaona umri. Hakukumbuka habari ya ukuta, au alikumbuka. Dereva hakubishana. Kubishana kunataka nguvu, na yeye zake zilibaki barabarani.

Nyumbani waliendelea kula meza moja, yeye, mkewe na mpwa. Walizungumza habari za bei ya mkaa na za goti. Mke alijua kila kitu, na zaidi ya mara moja alifungua mdomo akitaka kumsema kijana, dereva akatikisa kichwa. "Mwache," alimwambia wakiwa wawili. "Ana mpira miaka michache tu. Mimi nimeshaendesha."

Msimu mpya ukaanza, daraja la chini. Asubuhi ya mechi ya kwanza dereva alikuwa kitandani, macho yako wazi, akasikia injini yake inawashwa na mtu mwingine. Kisha akasikia kofi kwenye bati. "Lete, lete, lete." Sauti ile aliijua tangu ikiwa ya kitoto. "Lete... hapo hapo!" Makofi mawili yalichelewa, na bati likakwaruza ukuta, mkwaruzo mrefu uliompita dereva mwilini kabisa. Mkewe akamgeukia gizani, akamshika bega.

Jioni mpwa alirudi, akanawa, akaketi mezani mbele yake.

"Mmeshinda," dereva alisema. Alikuwa amesikia redioni.

"Tumeshinda."

"Na mlitoka kinyumenyume."

"Kwani kuna njia nyingine? Wao walishasema ukuta ni kisingizio chako tu."

Dereva akaweka kijiko chini. Miezi yote hakuwa ameuliza kitu, na alikuwa ameapa hatauliza, lakini hapa palikuwa pepesi kiasi kwamba alijikuta ameshauliza. "Basi umewaambia. Limerudi nyuma na mmeshinda. Umewaambia leo."

Mpwa alitazama mikono yake, ile mikono mipana iliyokuwa imefunguliwa bure siku ile.

"Nilitaka," alisema. "Wallahi nilitaka, Mjomba. Tulivyokuwa tunarudi nikasimama kabisa, nikashika bomba la siti, nikafungua mdomo. Walikuwa wanaimba."

Ilimuuma dereva, hakuna haja ya kuizungushia maneno. Ilimuuma kuliko lile "kumbe ni wewe", kuliko funguo. Na ndani ya maumivu hayo hayo, kitu kizee kikainua masikio.

"Wimbo gani?" aliuliza.

"Ule ule."

"Mpaka vioo vikatetemeka?"

"Mpaka mtaani."

Mke alisimama mlangoni na birika la chai, anawatazama. Dereva alichukua kijiko chake, akala mara mbili tatu, hakusikia ladha.

"Mwambie huyo dereva wenu akate usukani mapema, kabla ya kufika nguzo," alisema. "Ukuta nimeusikia."